Upindo wa Vidole Vinne

Nyumbani kwa Bibi Maryam, kijijini Chilangala, siku ilianza na ndoo. Adhana ya alfajiri ikishamalizika, na Bibi akishaswali na kukunja mkeka wake, sauti yake ilipenya mpaka chumba cha pili: "Shakila! Maji hayana miguu, hayaji yenyewe hapa!" Shakila, msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, aliamka macho yakiwa bado yamefumba. Alipapasa kata yake ya kuwekea ndoo kichwani, akabeba ndoo na kutoka nje.

Nje alimkuta rafiki yake Paulina, mtoto wa nyumba ya jirani, amesimama anatetemeka kwa baridi. Ukungu wa Newala hauna mchezo, jamani. Asubuhi nyingine unanyoosha mkono na vidole vyako mwenyewe huvioni. Wasichana hao walishikana mikono, wakateremka njia ya bondeni mpaka kwenye chemchemi, wakateka maji, kisha wakapanda tena mlima shingo zikiwa zimekaza, ili wawahi kengele ya shule.

Njia hiyo ilipita kando ya shamba pori la marehemu Mzee Mrisho. Watoto wa mzee huyo walihamia Nanganga zamani, na tangu hapo mikorosho yake haikupigwa dawa wala kupaliliwa. Matawi yalikuwa yameinama mpaka chini, majani yamefunikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyapaka unga mweupe, na ndani mlikuwa na giza hata saa nne za asubuhi. Paulina alipofika hapo aliharakisha hatua na kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti kubwa. Shakila alimcheka, lakini na yeye aliharakisha.

Shakila alilelewa na Bibi kwa sababu mama yake alifariki miaka miwili iliyopita. Mama alikuwa fundi cherehani hodari. Kabla hajaugua sana alinunua kitambaa kizuri cheupe, akashona kanzu mbili za kuswalia na ushungi wake, moja ya Bibi na moja ya Shakila. Zilikuwa nguo za heshima kweli: nzito, hazionyeshi mwili, mikono inafika kwenye vifundo. Kanzu ya Bibi ilikaa sandukuni pamoja na kipande cha udi, ikatolewa kwa Ijumaa, Idi na misiba tu. Siku za kawaida Bibi aliswali kwa khanga zake mbili nzito.

Kanzu ya Shakila ndiyo iliyokuwa na kasoro. Kwanza ilikuwa na upindo mnene chini uliokuwa ukimgongagonga miguuni na kumkera kila anapotembea. Pili, yeye alikuwa anarefuka haraka mno. Mwaka huu ilimfika katikati ya miundi, na wenzake wa madrasa hawakumwacha apumue. "Shakila, kanzu yako imepanda juu kuangalia mvua?" waliuliza, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Ustadhi Abdulrazaki, mwalimu wao wa madrasa, alitangaza kwamba siku ya Maulidi ya watoto, Jumapili mchana, kila msichana avae kanzu nyeupe inayofika kwenye visigino. Shakila alikaa na jambo hilo moyoni wiki nzima. Angemwambia Bibi, lakini alijijibu mwenyewe: Bibi atasema hakuna. Hakuuliza. Na Jumamosi Bibi alipokwenda Newala mjini kumtembelea Mjomba Mahmudu, mwanawe mkubwa, Shakila alifungua sanduku.

Kanzu ya Bibi ilimkaa sawasawa, maana Bibi alikuwa mfupi. Jumapili alisoma kaswida amesimama mstari wa mbele, na hakuna aliyemcheka. Mama mmoja hata alisema, "Tazama mtoto wa marehemu alivyopendeza, mashaallah." Shakila alijisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu mama yake afariki.

Akiwa njiani kurudi, alikuta mabibo ya kwanza ya msimu yameanguka chini ya mikorosho ya jirani yao Mzee Optatus, mekundu, yameiva, yananukia. Njaa ilikuwa inamuuma kwa sababu pilau lilikuwa dogo na watoto wengi. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtoto yeyote wa Chilangala anafundishwa asilifanye tangu hajaota meno: alikula bibo akiwa amevaa nguo nyeupe. Maji ya bibo ni majanja. Yakidondoka huyaoni, unaona ni maji tu, unapangusa unaendelea kutafuna. Yakikauka ndiyo yanatoa rangi yake ya kutu, na rangi hiyo inazeeka na nguo mpaka inazikwa nayo.

Alipofika nyumbani, Shakila aliivua kanzu na kuitandaza kitandani. Kuanzia kifuani mpaka magotini kulikuwa na madoa ya kahawia. Na kabla hajajua la kufanya, alisikia sauti ya Bibi uwanjani inasalimiana na majirani, amerudi kutoka Newala. Kufua hakuwezekani, kwani katika nyumba ile kila ndoo ya maji ilijulikana imekwenda wapi. Aliisokomeza kanzu ndani ya mfuko wake wa madaftari. Bibi alipoingia kwa Mama Paulina kutoa salamu za mjini, Shakila alitoka mbio kupitia nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa linazama. Alikimbia mpaka mahali pekee ambapo alikuwa na hakika hakuna mtu atakayekanyaga: shamba pori la Mzee Mrisho. Matawi yalimvuta nguo, mwiba ulichana mkono wa kanzu iliyochungulia kwenye mfuko, lakini hakusimama. Katikati ya shamba kulikuwa na mkorosho mkongwe wenye tundu kubwa kwenye shina. Aliitoa kanzu mfukoni, akaisokomeza humo ndani, akarudi bila kutazama nyuma.

Usiku huo Bibi alisema, "Ijumaa hii tutamsomea mama yako khitma. Alhamisi nitaitoa ile kanzu aliyonishonea, niifukize udi." Shakila aliitikia, "Sawa, Bibi," na kuisogeza sahani ya ugali pembeni.

Asubuhi ya Jumatatu ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Shakila na Paulina walipofika kando ya shamba pori, Paulina alikatisha wimbo wake ghafla, akamkamata Shakila mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

"Shakila," alinong'ona. "Kile nini?"

Kati ya mashina meusi kulikuwa na kitu kirefu cheupe kimesimama. Hakikuwa na uso, kwa maana kiliwapa mgongo. Hakikuwa na miguu, kwa maana chini kote ni ukungu. Kilisimama kimya muda mrefu, kisha kikainama katikati, kikanyooka, kikazama chini, kikatoweka. Halafu polepole kikainuka tena kutoka ardhini.

"Yesu na Maria!" Paulina alipiga kelele, ndoo ikamtoka, akapotea njiani na kilio chake.

Shakila hakuweza kukimbia. Paulina aliona kitu kinachozama na kuibuka, lakini yeye alijua anachokitazama: kusimama, kurukuu, kusujudu. Kitu kile kilikuwa kinaswali. Na kilikuwa kimevaa kanzu aliyoishona mama. Aliitambua kwa ushungi wake mrefu unaoshuka mpaka kiunoni, ambao mama aliukata mwenyewe mezani huku akimwambia, "Usisogeze taa, mwanangu." Mtoto alisikia nywele zinamsimama kichwani. Aliondoka kinyumenyume, hatua moja moja, mpaka ukungu ukafunga njia.

Baada ya masomo alirudi peke yake, saa tisa, jua likiwa kali. Alilazimika kujua. Kanzu ilikuwa mle ndani ya tundu la mkorosho, ila siyo kama alivyoiacha. Aliisokomeza kama tambara, na sasa ilikuwa imekunjwa mara nne, mikono imelazwa kwa ndani, ushungi juu yake. Chini yake yalikuwa yametandikwa majani makavu, ili nguo isiguse udongo. Na pale kwenye doa palikuwa na unyevu, panatoa harufu ya ndimu.

Hakuichukua. Ataichukuaje bila kujua anamnyang'anya nani?

Jumanne alirudi tena. Doa lilikuwa limepauka, kutoka rangi ya kutu hadi rangi ya chai ya maziwa. Kijijini wakati huo hakukuwa na habari nyingine. Paulina alisimulia, waliosikia wakasimulia, na kila aliyesimulia aliongeza chake. Mara lile zimwi lina macho ya moto, mara limemwita mtu kwa jina. Wanawake waliacha kwenda chemchemini alfajiri. Shule ikakaa bila maji ya kunywa, ambayo wanafunzi huyaleta kutoka huko, na watoto wakarudishwa nyumbani mapema.

Jumatano Shakila alikuta ule mkono uliochanika umeshonwa. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka, ya mtu anayejua kazi. Machozi yalimjaa. Moyoni alikuwa na hakika sasa. Nani mwingine angeijali kanzu hii kiasi hiki? Alitazama huku na huku kwenye matawi yale yaliyopakwa unga, akaita kwa sauti ndogo, "Mama?"

Kijiti kilivunjika mahali fulani nyuma ya mikorosho. Ndege wakaruka. Halafu kimya, kimya kizito kinachokufanya ujisikie unatazamwa.

"Mama, nisamehe. Sikukusudia kuichafua."

Shakila alipoinamisha macho tena kwenye mshono, ndipo alipoona jambo lililompoza damu kwa namna nyingine. Uzi ulikuwa mweusi. Mama yake, fundi mama yake, asingeshona nguo nyeupe kwa uzi mweusi hata kwa kufa na kupona. Basi nani alikuwa anaivaa kanzu ya mama kila alfajiri? Alitupa kanzu tunduni, akakimbia mpaka nyumbani.

Jioni hiyo Dastani, baba yake Paulina, alifika uwanjani kwa Bibi na wanaume wengine watatu. Alikuwa mtu mpole siku zote, lakini woga ulikuwa umembadilisha sura.

"Shikamoo, Mama Mahmudu."

"Marahaba, Baba Paulina. Mbona mmekuja kama wenye msiba?"

"Mama, tumechoka. Kesho alfajiri tunaingia lile shamba. Awe jini, awe mchawi, kesho atajulikana, na ule mkorosho wenye tundu tutauchoma moto." Kisha akashusha sauti. "Na watu wana wasiwasi na Bi Ziada. Nyumba yake ndiyo iliyo peke yake nyuma ya shamba hilo. Mwaka mzima hakuonekana msikitini kwenu, msibani haji, arusini haji. Mtu mwema anajificha nini?"

Bibi alitikisa kichwa. "Mtu mwenye panga na woga ni hatari kuliko jini," alisema. "Nitakwenda na nyinyi."

Shakila alikuwa mlangoni anachambua mbaazi, na kila neno alilisikia. Bi Ziada alikuwa bibi kizee mjane, mkimya, ambaye zamani alizoea kumpa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, akipita kwake. Ulimi ulimwasha. Alitaka kusema, "Bibi, kanzu ni yako, mimi ndiye niliyeipeleka." Lakini akilisema hilo, Bibi atajua kuwa kanzu ya marehemu mwanawe imechafuka, tena siku mbili kabla ya khitma. Alizitazama mbaazi, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimnyima usingizi.

Alhamisi alfajiri walikwenda kama watu kumi na watano. Shakila alimfuata Bibi ameshika ncha ya khanga yake. Paulina na mama yake walikuwa nyuma wameshikilia rozari. Ukungu ulikuwa unadondoka kwenye majani kama mvua ndogo, tone, tone, na miguu ya wanaume ilikuwa inazama kwenye majani makavu.

Kilikuwepo. Cheupe, kirefu, mbele ya mkorosho mkongwe, kimewapa mgongo.

Dastani aliinua panga. "Wewe! Kama wewe ni mtu, sema!"

Kitu kile hakikujibu. Kiliinama, kikanyooka, kikazama chini kwenye ukungu. Mwanamume mmoja aligeuka akakimbia. Dastani alipiga hatua mbele, na hapo Bibi Maryam akamshika mkono kwa nguvu ambazo mtu asingedhani bibi mfupi vile anazo.

"Teremsha panga," alisema. "Humwoni kama anaswali? Mwacheni atoe salamu."

Basi watu wote waliobaki walisimama wakasubiri. Sijui kama kuna kusubiri kurefu kuliko kule. Kitu kile kilisujudu mara ya pili, kikaketi, kikatulia. Kisha kichwa kikageuka kulia polepole, kikageuka kushoto, na kwenye ule weupe wote ukaonekana uso mweusi, mkavu, wenye mikunjo na macho yaliyojaa hofu.

"Bi Ziada!" watu walisema kwa pamoja.

Bibi kizee aliona mapanga, akaweka mikono kichwani. Lakini Bibi Maryam alikuwa hatazami uso. Alikuwa anatazama nguo. Alisogea, akaushika ukingo wa ushungi, akaupapasa kwa kidole kama kipofu.

"Kanzu hii ni ya marehemu mwanangu," alisema taratibu. "Alinishonea mimi. Imefikaje hapa, Bi Ziada?"

"Mwizi!" mtu alisema nyuma. "Kumbe mwizi, siyo jini!"

Bi Ziada alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa, kanzu ile nyeupe na yote. "Mama Mahmudu, naapa kwa Aliyeniumba, sikuiba. Nilikuja kuokota kuni Jumapili jioni, nikaikuta kwenye tundu hili imechafuka. Nilijua ina mwenyewe, sikuivusha mpaka wa shamba hili hata siku moja. Nilikuwa nikiivaa hapahapa, nikaswali hapahapa, nikairudisha. Doa nikalisugua kwa ndimu na chumvi na maji yangu ya kidumu, nikaanika juani mchana. Palipochanika nikashona, uzi mweupe sikuwa nao."

"Na kwa nini uswali porini kama mnyama?" Dastani aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kulegea.

Mama kizee aliinamisha kichwa. Alichukua khanga yake iliyokuwa imetundikwa kwenye tawi, akaiinua mbele ya mwanga mdogo wa asubuhi. Watu waliona matawi ya upande wa pili kupitia kwenye khanga ile, ilivyochakaa. "Hii ndiyo niliyobaki nayo," alisema. "Nguo inayoonyesha mwili sitasimama nayo mbele ya Mungu, wala sitakaa nayo katikati yenu msibani. Mwaka mzima nimejifungia. Nilipoiona kanzu hii, nafsi ilishindwa. Nikasema nitaswali alfajiri tu, sala moja, mpaka mwenyewe atakapokuja. Nimeivaa bila idhini yako, Mama Mahmudu. Naomba radhi. Naomba radhi sana, dada yangu."

Akainama, akataka kushika miguu ya Bibi.

Shakila alitazama kile kichwa chenye mvi kinashuka kwenye miguu ya Bibi kuomba msamaha, na hakuweza kuvumilia. Hakuweza kabisa. Mtu aliyeikuta nguo chafu akaitakasa alikuwa chini kwenye matope, na yeye aliyeiiba sandukuni amesimama anatazama.

"Bibi, ni mimi!" alilia. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, watu wote wakageuka. "Mimi ndiye niliyeitoa sandukuni siku ya Maulidi! Nikala mabibo nayo, nikaogopa, nikaja kuificha. Siku ya kwanza niliona mtu anaswali na kanzu yetu, nikanyamaza. Jana nilisikia wanamtaja Bi Ziada, nikanyamaza. Hana kosa, Bibi. Mimi ndiye mwenye kosa."

Shakila alikwenda akapiga magoti pembeni ya bibi kizee. "Shikamoo, Bibi," alisema huku kamasi zinamtoka. "Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Bi Ziada, na akampangusa uso kwa kiganja chake, siyo kwa ule ushungi, asije akauchafua.

Dastani aliliweka panga lake chini ya mti. Alisema, "Tuwie radhi, mama," na kuinamisha kichwa. Wengine wakasema vilevile, mmoja mmoja, kwa aibu. Mama Paulina alifungua kitenge alichojitanda mabegani, akamfunika Bi Ziada juu ya kanzu, maana alikuwa anatetemeka.

"Nyumbani nina kipande cha kitambaa cheupe," alisema. "Kilibaki niliposhona gauni la komunyo la Paulina. Ni kirefu tu. Kitatosha kanzu na ushungi wake, mkipenda."

"Tunapenda," alisema Bibi. "Na mshonaji ninaye." Akamtazama Shakila. "Cherehani ya mama yako ipo ndani imefunikwa. Ulifundishwa kuizungusha, siyo?"

Nyumbani Shakila alisubiri fimbo. Haikuja, na kutokuja kwake kulimtesa zaidi. Bibi aliikunjua kanzu mezani, akaisogeza karibu na macho kulitafuta doa. Lilikuwa limebaki kama kivuli chembamba kifuani, na ukijua lilipo unaliona, usipojua hulioni. Kisha akasema, "Niletee na yako."

Shakila alileta kanzu yake iliyomfika katikati ya miundi. Bibi aliigeuza nje ndani, akachukua wembe, akaanza kuufumua kwa kupapasa ule upindo mnene wa chini, uzi mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kilikunjuka, kikakunjuka tena. Upindo ulikuwa wa vidole vinne, umekunjwa mara mbili, na ndani yake kitambaa kilikuwa cheupe pe, hakijawahi kuona jua. Bibi aliishikilia kanzu mgongoni kwa Shakila. Ilifika kwenye visigino.

Shakila alikipapasa kitambaa kile kipya.

"Mama yako alijua hatakuwepo utakaporefuka," Bibi alisema. "Akaniambia, Mama, nimemwachia vidole vinne, ikimwia fupi mfumulie. Nilikuwa nangoja uniambie imekuwa fupi. Mimi macho yangu mabovu, Shakila, sioni tena muundi wa mtu. Ungeniuliza tu."

Msichana alilia hapo, kilio cha kweli, kile ambacho hakulia vizuri hata siku ya mazishi. Bibi alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwinua kidevu.

"Nisikilize. Kuchafua nguo siyo dhambi kubwa, hata mimi nimewahi kula mabibo. Ila ulichukua bila kuomba, ukaficha, ukanyamaza, na kunyamaza kwako kulikaribia kumuua mtu. Na sisi wakubwa tulimwona mwenzetu amepotea mwaka mzima, hatukwenda kumbishia hodi kumuuliza amekosa nini, tukakaa tukatunga mashetani. Mimi mwenyewe nimo. Basi kuanzia leo, wewe ukiwa na shida useme, na mimi nikimkosa mtu nimtafute. Kanzu inasitiri mwili tu. Kumsitiri mtu mzima ni kazi yetu sisi."

Siku hiyo Shakila hakwenda kucheza. Bi Ziada, ambaye kumbe alikuwa fundi wa mkono tangu ujana, alikaa pembeni ya cherehani kumwelekeza, na Paulina alikuwa anashika kitambaa kisiburuze chini. Mpaka jioni kanzu ya tatu ilikuwa imekamilika. Mishono mingine ilikuwa imepinda kama njia ya bondeni, na Bi Ziada alicheka akasema itanyooka akiivaa.

Kabla ya kufunga upindo, Shakila alisimama na pini mdomoni, akamtazama bibi kizee. "Bibi, wewe hurefuki tena," alisema. "Upindo niache vidole vingapi?"

"Acha vinne," alijibu Bi Ziada. "Nikifa, kuna mtoto wa mtu atakayeihitaji."

Ijumaa mchana, kwenye khitma ya mama yake Shakila, majirani wa dini zote mbili walikaa kwenye mikeka uwanjani kwa Bibi Maryam. Katikati ya wanawake walikaa watatu wamevaa nyeupe, bibi wawili na msichana mmoja. Chini ya kanzu ya msichana palikuwa na mstari mweupe kuliko sehemu nyingine, upana wa vidole vinne, na kila alipoketi aliutandaza vizuri juu ya miguu yake.